Njiwa Wawili wa Shamimu

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku njema! Dada Mwajabu kanipa kazi ya foronya za harusi ya bintiye, Shamimu. Anaolewa Jumapili, na wanawake wa upande wa bwana harusi watatoka Kigamboni kuja kukitazama kitanda cha maharusi. Foronya mbili, kila moja njiwa mmoja, wanatazamana. Dada alitaka kumpa kazi Bi Zubeda, jirani yangu, maana ndiye somo, kungwi wa bibi harusi. Nikamwambia mjomba mtu yupo, fundi cherehani kwa miaka kumi na minne. Nikaapa kuchora kwa mkono wangu. Dada alifuta machozi.

Sijawahi kuchora njiwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimechora njiwa tisa. Wa kwanza birika. Wa tisa birika lenye miguu. Kumwomba Bi Zubeda? Thubutu! Mwaka jana aliliita ua langu kabichi, mbele ya wateja.

Lakini leo kaanika foronya yenye njiwa, nyuzi zimeinuka vizuri. Alipokwenda gengeni nikaweka karatasi juu yake, nikasugua kwa penseli. Njiwa akatokea mzima, hadi kucha! Mwenzake hakuwepo kambani. Wa nini? Njiwa ni njiwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Karatasi ya kaboni chini, ile ya njiwa juu, nikafuata mistari kwa kalamu iliyokwisha wino. Foronya ya kwanza, kisha ya pili. Nikadarizi kutwa. Jioni nikazipanga kitandani.

Loh! Wote wanatazama mlangoni. Wa nyuma anamtazama mwenzake mkia. Nikaigeuza foronya moja juu chini. Sasa wanatazamana, ila mmoja kalala chali, marehemu kabisa.

Nikafumua ya pili. Kaboni haitoki! Sabuni, ndimu, dawa ya kung'arishia nguo. Njiwa bado yupo. Kitambaa ndicho kimetoboka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Dada kapita kuulizia. Nikamjibu kazi nzuri haionyeshwi nusu. Akanishukuru! Akasema Shamimu anawatambia wenzake kwamba mjomba ndiye anamdarizia, na kwamba tangu baba yake afariki hajafurahi hivi. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bi Zubeda kaja kuzitazama foronya, maana yeye ndiye atakayetandika. Nikampa shikamoo huku nimezikalia. Akazivuta. Akamtazama njiwa, akasema, “Mfaume, huyu wangu.” Mguu wa kushoto una vidole viwili tu, siku alipomdarizi aliishiwa uzi.

Nikangoja matusi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniagiza kitambaa kipya cha foronya mbili, akatandaza karatasi ileile, akatoboatoboa mistari kwa sindano. Akapitisha unga wa mkaa kwa pamba. Unga ukapenya matunduni, njiwa akatokea. Akaigeuza karatasi upande wa pili, akapaka tena kwenye foronya nyingine. Njiwa akatazama kule! Nilitamani kulia. Tumedarizi pamoja hadi magharibi, na hakunisimanga hata mara moja.

Jumapili, 13 Oktoba

Alhamdulillahi! Wageni wa Kigamboni wamezishika foronya, wamepiga vigelegele. Wakauliza fundi nani. Bi Zubeda akajibu bila kupepesa macho kwamba ni mjomba mtu. Shamimu kanishika mkono, kalia, nami nikalia. Sina cha kumlipa yule mama. Nimemwambia hivyo, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Akasema njiwa wote wawili sasa wana mguu wa vidole viwili, hakuna atakayedhani ni bahati mbaya.

Jumatatu, 14 Oktoba

Bado namshukuru Bi Zubeda. Nimempelekea maandazi asubuhi, kanipa na chai.

Mgeni mmoja wa jana, mama anayeishi Boko, kapiga simu. Anataka tausi wawili, wanatazamana, haraka. Nikamwapia nitachora kwa mkono wangu.

Bi Zubeda kafua leo, Mungu ampe umri mrefu. Tausi mmoja yuko kambani, mkia wote nje. Kaboni ninayo. Nangoja tu aende gengeni.

Mwenzake simwoni. Wa nini? Tausi ni tausi.