Mganga Niliyempunguza Nguvu

Jumapili, 4 Mei

Nimeshindwa tena. Na Hadija, na yule mganga wake! Mchezo wenyewe nimeuleta mimi kutoka Uvira: kitabu cha Kifaransa cha mashujaa na majoka, hakina jalada, kurasa za silaha zimechanika na kupotea. Mashujaa wetu ni vizibo vya bia juu ya miraba tuliyochora kwa makaa. Mwenye shujaa atakayebaki hai Jumapili anakaa kando ya moto wiki nzima akichemsha chikichi. Wawili waliobaki wanasukuma mti wa kinu cha mawese, kuzunguka na kuzunguka kama punda. Nimezunguka wiki tatu. Mgongo umesahau kunyooka.

Jumatatu, 5 Mei

Nikiwa nasukuma, akili imenijia. Kurasa za silaha hazipo. Nani anajua zilisema nini? Mchana nimewaambia wenzangu, Hadija na Isaka, nimezikumbuka, nimeziandika kwenye katoni. Mganga wa Hadija anajiponya mara moja tu kwa pambano. Zamani alijiponya kila zamu, tukachoka kumuua. Mpiga mishale wa Isaka akitupa mshale apumzike zamu mbili. Askari wangu, maskini, kapata kitu kidogo: Panga la Radi. Linakata miraba yote inayomzunguka, kila zamu.

Isaka kauliza kwa nini panga halipumziki. Nimemjibu ni chuma, chuma hakichoki. Kasema murakoze, asante ya kwao. Isaka ni mtu mzuri.

Jumatano, 7 Mei

Tumejaribu sheria mpya wakati wa chakula. Nimewaua wote wawili kabla maharage hayajapoa! Hadija kakipima kizibo changu kiganjani. Kasema askari wangu kanenepa. Nimeapa kwa kaburi la baba kwamba nguvu za wote watatu ni sawasawa, nimezipima moja moja.

(Baba yuko Uvira, mzima. Anafuga bata.)

Jumapili, 11 Mei

Nimetoka kanisani na suruali safi, tayari kukaa motoni. Hadija kasubiri nimalize kupanga vizibo.

"Kaka Kalume, si ulisema wote wako sawa?"

Nikasema sawa kabisa.

"Basi haidhuru nani anamshika nani."

Kavitia vyote vitatu ndani ya kofia ya Isaka. Kiapo nilikwisha kula. Baba nilikwisha kumzika. Isaka kavuta askari. Hadija, mpiga mishale. Mimi, mganga.

Panga la Radi limenipata zamu ya kwanza. Nikajiponya. Likanipata tena. Nikaomba kujiponya mara ya pili. Isaka, kwa upole, kanisomea katoni yangu. Hadija kanifuata muda si mrefu, kafa akicheka.

Jumatatu, 12 Mei

Isaka yuko motoni, miguu kainyoosha. Anatuomba radhi kila tukimpita, na hilo ndilo linaloniumiza. Hadija anasukuma nyuma yangu. Kasema yeye hana shida, leo ana kitu cha kutazama.

"Sukuma, mganga."

Nimewaza mizunguko yote. Kwa kweli mganga nilimwonea. Kujiponya mara moja tu! Nani anaishi hivyo? Nimeichukua katoni: anajiponya kila zamu, na dawa yake inamchoma adui aliye miraba minne mbali. Panga la askari limeshika kutu. Na nimedai, kwa nguvu, kila mtu abaki na shujaa aliyemvuta jana. Safari hii hawachomoki.

Hadija kakubali upesi. Kofia ya Isaka bado anayo yeye. Kasema ataifua, airudishe Jumapili kabla ya mchezo. Mwanamke mwema.