Jinsi Nilivyoilinda Bodi ya Klabu

Jumatatu, 8 Juni
Mimi! Mwalimu wa fizikia amenikabidhi mimi bodi ya klabu yetu ya sayansi: kompyuta nzima, ndogo kama pakiti ya karata, haina hata kasha. Jumamosi kwenye maonyesho itapima ukavu wa udongo na kuimwagilia miche ya nyanya. Ndiyo pekee tuliyo nayo. Adui yake ni umeme, alisema: ule wa ukutani unaopanda na kushuka, na ule tuli unaokaa mwilini, unaopenda ukavu na sufi. Mwanaklabu mwenzangu Waya (tunamwita hivyo kwa wembamba wake) akanong'ona kwamba mlinzi mwenyewe ndiye wa kuchungwa. Wivu tu.

Jumanne, 9 Juni
Niliiviringisha bodi kwenye sweta la bibi, isigongwe njiani. Kuifungua: ta-ta-ta! Cheche! Nywele zikanisimama. Bibi akauliza kama mjukuu wake anajua sufi ni nini. Sasa najua. Bodi imewaka, namshukuru Mungu. Sweta limekunjwa na kurudishwa kwa heshima.

Jumatano, 10 Juni
Leo, umeme wa ukutani. Mama anashona sare za kwaya, na cherehani yake inachangia soketi na bodi yangu. Kila akikanyaga, bodi inazimika. Alipoingia jikoni nikaichomoa cherehani. Kwa ajili ya sayansi! Nilidhani atapumzika. Hakupumzika. Aliifungua cherehani yote, akaipaka mafuta, akaibembeleza kama mtoto mgonjwa. Mpaka kaka alipoufuata waya wa cherehani kwa kidole, akacheka hadi akakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alisema, mwanangu, si ungeniambia tu? Heri angenifokea. Wanakwaya wamekuja, wameondoka mikono mitupu.

Alhamisi, 11 Juni
Waya ameshauri nitumie betri ya kuchajia simu, niachane na soketi. Nimekubali; nilikuwa karibu kulifikiria hilo mwenyewe. Akaniambia pia analo kasha la plastiki la ziada. Nikakataa. Yaani wageni waje kutazama kasha la Waya? Isitoshe nimekumbuka jambo: bodi hizi hutoka kiwandani ndani ya mifuko inayong'aa kama fedha. Na jikoni kwetu kuna foili!

Ijumaa, 12 Juni
Sijui nianzie wapi.
Niliifunga vizuri. Ilipendeza kama bibi harusi. Betri niliiacha imechomekwa ili nisihangaike shuleni. Nikiwa mlangoni mwa darasa, begi likaanza kunuka. Kisha moshi. Waya ndiye aliyeichomoa betri, mimi nilikuwa nikipiga kelele.
Mwalimu hakufoka. Aliibandua foili taratibu kama mtu anayefungua bandeji. Akaeleza kwamba foili hupitisha umeme. Imezigusa pini za bodi, imeziunganisha zote, betri ikamaliza kazi: bodi imeungua. Ule mfuko wa kiwandani si foili, na bodi huingia humo ikiwa haina umeme wowote. Akanipa pole. Mimi ndiye niliyestahili kumpa yeye.
Miche imesimama kwenye makopo, kijani kibichi, haijui lolote. Kibao chenye jina langu kimeshaandikwa.
Nyumbani, bibi alisema majuto ni mjukuu. Kisha akanitazama, akaniongezea chai.

Jumamosi, 13 Juni, asubuhi
Waya alikuja mapema. Ameleta bodi yake mwenyewe, zawadi ya mjomba wake, ambayo hajawahi kumwazima mtu. Miche haina kosa, alisema. Nililia, nikamwomba radhi kwa mambo yote, hata yale asiyoyajua. Akasema yaishe, bibie, ila nisiifanyie bodi kitu chochote, niibebe tu. Amekwenda kuchukua makopo ya miche. Atanipitia twende pamoja.

Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Nimekaa nikayatafakari makosa yangu moja moja. Foili iligusa pini, kosa lilikuwa hapo! Kwa hiyo safari hii nimetanguliza kitambaa cha pamba. Si sufi. Nimekilowesha kidogo, kwa kuwa umeme tuli hupenda ukavu. Foili nimeizungusha juu yake, mara mbili. Na ili rafiki yangu asipate taabu yoyote tukifika, betri nimeshaichomeka.

Anabisha hodi. Nitampa aibebe yeye. Ni haki yake.