Vifurushi Vilivyogombana Wiki ya Harusi ya Honorata

Duka la Uchapaji,
Majengo, Songea.
Juni, 2006.

Kwa Waheshimiwa Watengenezaji wa Linux,
Popote Mlipo.

Waheshimiwa,

Ningewaamkia shikamoo, ila sijui umri wenu, na kwa mliyonitendea nashuku ni watoto. Mimi ni Sixbert, mchapaji wa kadi na barua. Kompyuta yangu inaendeshwa na Linux yenu, niliyoipenda kwa kuwa ni ya bure. Soko huria limetia bei kila kitu, ninyi peke yenu mkabaki waungwana. Sasa nimeelewa kwa nini hamkuthubutu kudai hela.

Jumamosi hii mpwa wangu Honorata anaolewa. Kwenye kikao cha harusi nilisimama nikaahidi kadi zote za mwaliko. Mama yake, dada yangu Kunegunda, ni mtu asiyesahau. Jumatatu, kabla sijachapa hata kadi moja, yakaja maboresho yenu kupitia waya wa intaneti ninaochangia na jirani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine iliniuliza kwa upole kama nataka kuendelea. Mimi nimelelewa. Mgeni akipiga hodi kistaarabu hajibiwi hapana. Nikabonyeza ndiyo, na nyie mlijua kabisa kwamba Songea tutabonyeza ndiyo.

2. Nilikubali kifurushi kimoja tu cha programu, cha saa ya kwenye kona ya skrini. Kikadai hakiji peke yake: kina ndugu, ndugu wana wakwe, wakwe wana wajukuu. Nikawakaribisha, maana na sisi tuko hivyo hivyo. Wakahamia wote mpaka picha zangu za kipaimara zikakosa pa kukaa. Saa yenyewe iko nyuma.

3. Wakaanza kugombana. Mashine ikaandika, mbele ya wateja, kwamba vifurushi viwili vinagombea faili moja na kimoja lazima kiondoke. Umeme haukuhusika, ulikuwepo mchana kutwa, jambo lililonitia hofu tangu mwanzo. Nikamwita Mzee Hironimus, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, aliyepatanisha ndoa nyingi mtaani. Akavua kofia, akakaa mbele ya skrini, akataka asikilize pande zote mbili. Hakuna aliyejitetea. Akauliza nani alitangulia kuishi humo, nikamwonyesha tarehe. Akaamua mkubwa abaki, mgeni arudi kwao. Tukapiga makofi, nikamfuta mgeni. Kumbe mgeni alishakabidhiwa printa!

4. Tangu hapo printa haitoi hata nukta. Nilipomweleza Kunegunda kwamba ni mgongano wa vifurushi, akasema mgongano atanionyesha yeye. Nimeondolewa meza kuu, nimepangiwa kukaa na wapiga matarumbeta. Inaniuma, waheshimiwa. Honorata nimemlea mwenyewe baba yake alipofariki, na nilitaka watu washike mkononi jina lake limeandikwa vizuri.

5. Dada sasa amewatawanya mashangazi waalike kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, mpaka Ruhuwiko. Miguu imewavimba, na kila uvimbe unahesabiwa kuwa wangu.

Kwa hiyo naomba mtu mzima mmoja kati yenu, mwenye koti, aje Songea kabla ya Jumamosi, awapigie magoti mashangazi, kisha akae na matarumbeta badala yangu. Pia maboresho yote yasimamishwe dunia nzima mpaka maharusi watoke fungate. La sivyo narudi kwenye taipureta, na nitawatangaza.

Wasalimieni wazazi wenu, watoto, na majirani wote wanaowavumilia. Aliyetengeneza ile saa mwambieni nampa pole.

Mwenye hasira, ila kwa heshima zote,
Sixbert,
Mjomba wa Bibi Harusi.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, mashine imeniuliza tena, kwa upole uleule, kama nataka kuendelea. Nimebonyeza ndiyo. Printa imefufuka! Inatema kadi za Honorata mfululizo, nzuri kupita kiasi, kwa kelele zinazofika barabarani, na haizimiki. Dirishani namwona Kunegunda na mashangazi wanarudi kutoka Ruhuwiko walikomaliza kualika, viatu mkononi. Jamani, huyo mwenye koti asije tena. Nitumieni boresho bovu la kuiua tena printa, lolote mlilonalo, kabla hawajavuka barabara.