Toni ya Frekansi

"Vita imeisha barabara ya Bugarama!"

Komunike alisema hivyo hata makalio yake hayajagusa benchi. Jina lake halisi ni Shaabani, lakini hapa kwa Kudra muuza kahawa, Buyenzi, pembeni ya ofisi ya ushirika wa malori, jina la kuzaliwa unaliacha nyumbani. Yeye ni Komunike kwa sababu hutangaza mambo kabla serikali haijayaamua.

"Nani amekuambia?" akauliza Massoudi, fundi wa magari. Huyo tunamwita Arusha, maana mazungumzo yake, kama yale ya amani kule Arusha, hayana siku ya kuisha.

"Redio ya ushirika! Toka juzi hakuna dereva hata mumoja amelia. Embuskadi ya waasi hakuna, pine kupasuka hakuna. Kimya, baba!"

"Hata kwa makaburi iko kimya."

"Astaghfirullah, Arusha! Mbele ya Kudra?"

Tukageuka. Kudra alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, na kahawa inatiririka mpaka chini. Tajudini, mume wake, ni dereva wa ushirika. Konvoi yake, ule msafara wa malori, ilishuka jana pamoja na wanajeshi wa kuilinda, malori ya watu wengine yakafika, la kwake halikufika. Tuliowauliza walisema alikuwa nyuma yao, na kwenye konvoi hakuna mtu anayesimama kutazama nyuma. Kudra hakulala, na macho yake yalikuwa yanasema hivyo bila kuulizwa.

"Jana asubuhi niliita kwa redio ya ofisi," akasema. "Tajudini, uko salama? Nikaita tena. Tena. Mpaka koo imeuma. Hakunijibu hata neno."

"Lakini sauti ilikuwa safi, si ndiyo?" likadakia dirisha la ofisi.

Lile dirisha ni la Herménégilde, katibu wa ushirika na mwenye redio. Sisi tunamwita Frekansi. Anavaa tai hata Jumamosi, na tangu ushirika usimike relé yake mlimani, ile mashine inayopokea sauti za malori na kuzitupa mbali, mtu huyu hatembei, anaelea.

"Safi ya nini na hakuna mutu?" akauliza Arusha.

"Mais ndiyo kazi yenyewe! Zamani relé ilikuwa inafunguka kwa kila uchafu. Radi ikipiga, kshhh. Mvua, kshhh. Nikakaza skwelchi, ile kifungo ya kuzuia kshhh, makelele ikaisha. Halafu wamama wa Gatumba wakaingia kwa kanali yetu, wanaagizana samaki ya mukeke! Na ule jamaa wa Mutakura anaimba kila asubuhi."

"Aliimba vizuri," nikasema mimi.

"We nyamaza. Donc juzi nimeweka toni. Ni mulio mudogo, sikio ya mutu haisikii, lakini relé inasikia. Redio yako ikituma ule mulio, relé inakufungulia. Ikikosa, unabaki inje: kusikia utasikia, kusema hapana, hata ulie."

"Na madereva wako na ile toni?"

"Watapata. Kila dereva alete redio hapa ofisini nimuwekee."

"Redio iko ndani ya lori, Frekansi."

"Alete na lori."

"Lori iko mulimani!"

"Akishuka, ataleta."

"Akishuka hapa," Arusha akasema polepole, kama anayemfundisha mkwe wake, "ataita nani kwa redio? Si atapiga kelele tu kwa dirisha?"

Komunike akacheka kahawa ikamtoka puani. Frekansi akarekebisha tai.

"Basi niambie," Arusha akaendelea, "leo hii nani anaweza kusema kwa relé?"

"Ofisi. Prezida wa ushirika, kwake nyumbani. Na mimi, kwa ile redio ya mukono."

"Watu wa mujini tupu! Barabara hakuna anayeijua hata kwa ndoto!"

"Lakini unatusikia vizuri, kama tuko nyumba moja."

"Si muko nyumba moja!"

"Arusha, usitukane demokrasia. Tulipiga kura. Jana asubuhi nilitangaza kwa relé: dereva asiyetaka toni aseme sasa. Nikangoja, kwa heshima yote. Hakuna aliyesema. Adopté, imepita!"

Hapo hata mimi niliweka kikombe chini. Arusha alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yemwe! Sasa nimeelewa ile mazungumzo ya amani. Wenye bunduki wako porini, wenye toni wako hotelini, na wanakubaliana vizuri sana!"

Kudra hakucheka. Aliweka birika, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda dirishani. "Nipe mikro."

"Kudra, dada yangu, mikro ni ya..."

"Nipe."

Frekansi akampa. Kudra akaibonyeza, akasema mbele yetu sote: "Tajudini, jana nilikuuliza sana. Leo siulizi. Nakupenda, na hawa wajinga wote wananisikia. Rudi, bwana wangu. Ni hiyo tu."

Akaachia kitufe. Redio haikutoa kitu. Niliona aibu, na nilimwonea huruma.

"Hata ile kshhh ingenitosha," akasema. "Zamani ikifanya kshhh nilikuwa najua kule iko mutu. Frekansi, toa hiyo toni yako."

"Siwezi peke yangu. Lazima mukutano wa madereva wote."

"Inna lillahi..." Komunike akaanza kwa sauti ya msibani. Arusha akamkatisha kwa kofi la mgongo.

Wakati huohuo baiskeli ya ndizi, ya wale wanaoteremka kutoka milimani, ikaja mbio kutoka barabara kuu, breki yake ni kandambili ya mwendeshaji iliyogandamizwa kwenye gurudumu. Juu ya mikungu alikaa mtu amekumbatia ndizi kwa woga, vumbi limemgeuza rangi. Baiskeli ikapita benchi letu, ikapita ofisi, ikaishia kwenye ukuta wa jirani. Mtu akaanguka na mkungu wake.

"Tajudini!"

Kudra alimfikia kabla hajasimama. Alimpiga kwa kitenge, akamkumbatia, akampiga tena. Alikuwa analia na hakujificha. "Alhamdulillahi. Mbona hukunijibu, we mwanaume?"

"Sikukujibu?" Sauti ilimtoka kama kinu kinachosaga mawe. "Jana tuko Bugarama, tunangoja wanajeshi. Injini nimezima, mafuta ya mazutu ilikuwa kidogo. Nakusikia kabisa! Unasema, uko salama? Najibu, niko salama. Unauliza tena, najibu tena. Huyu naye anasema asiyetaka toni aseme. Nikasema sitaki! Nilipiga hiyo kura mpaka koo imekauka!"

"Halafu?"

"Halafu wanajeshi wakafika, konvoi ikaondoka. Mi nageuza ufunguo, lori haiwaki. Betri yote nimeimaliza kukujibu we."

Kudra akaziba mdomo kwa mkono. Tukacheka sisi, akacheka na yeye, machozi bado yanashuka. Mwenye baiskeli alikuwa anaokota ndizi zake na kutulaani kwa Kirundi.

Ungedhani Frekansi ataomba msamaha. Hamumjui. "Ntakibazo, hakuna shida!" akasema. "Malori yetu mengine yanatoka Kayanza leo. Sasa hivi yako Bugarama, si ndiyo?"

"Yatakuwa yamefika. Yamezima, yanangoja wanajeshi."

"Bon! Wakuamshie lori yako na betri zao." Akavuta mikro, akasimama wima kama anahutubia taifa. "Bugarama, Bugarama, hapa ofisi. Munanisikia? Jibuni!"

Kimya.

"Bugarama, jibuni! Jibuni wote!"

Tajudini akaruka, akampokonya mikro. "Waambie wanyamaze, we! Wanajibu! Watamaliza betri na wao!"