Visu vya Hajati na Ganda Langu Gumu

Jumatatu, 9 Mei 1994

Siku kubwa! Hajati Zubaida, mwenye kiwanja chetu hapa Kyebando, katuita mimi na Swaib, mhunzi mwenzangu. Karakana ni ndogo, mafundi wawili haitutoshi. Atakayemtengenezea visu bora vya Idd ya kuchinja atabaki nayo. Mwingine afungashe virago.

Swaib akatabasamu. Baba yake mhunzi, babu yake mhunzi, na ana rundo zima la springi za lori. Chuma chake kimezaliwa kigumu. Mimi nina nondo laini za ujenzi, ambazo mke wangu Celestine anadai zinapinda hata zikitazamwa. Lakini akili ni mali. Nitaichukua nondo na kuifundisha ugumu.

Jumanne, 10 Mei

Mpango uko hivi. Chuma laini kina njaa ya mkaa. Basi unakilisha. Unapanga visu kwenye sanduku la chuma, unavifukia kwa mkaa uliopondwa na mifupa iliyochomwa, unaziba kwa udongo, unatia motoni mpaka sanduku liwe jekundu. Mkaa unaingia polepole, kutoka nje kwenda ndani. Kisha unavitumbukiza majini. Ndani vinabaki laini, nje vinavaa ganda gumu. Nilifunzwa Kisumu na fundi mmoja wa reli, kabla hajanifukuza.

Mifupa nimepewa na Loice, yule wa Kabalagala anayechoma nyama ya nguruwe. Gunia zima, bure! Mungu ni mwema.

Ijumaa, 13 Mei

Maafa. Fundi wa Kisumu alisema mchana mmoja unatosha. Mimi nikaona, kama mchana mmoja unaleta ganda jembamba, siku mbili na mifupa maradufu zitaleta ganda la kobe. Kumbe sivyo. Ganda likishakaa, mkaa unaofuata lazima ulipenye, kwa hiyo kadiri linavyonenepa ndivyo linavyozidi kuchelewa kunenepa. Na mkaa uliokosa pa kwenda umebanana juu na chuma, ukawa utando mweupe, mgumu kupindukia.

Tupa ya kunolea iliteleza juu yake bila kuukwaruza! Nikashangilia. Nikamkata kuku kwa majaribio. Makali yakabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Kuku tumemla kwa tahadhari. Celestine katema chuma mara mbili, kisha akauliza basi la Bungoma linaondoka lini.

Jumamosi, 14 Mei

Vita ni vita. Nimemnong'oneza Hasifa, binti wa Hajati, kwamba springi za Swaib zimetoka kwenye lori lenye mkosi. Hasifa akaniambia lori hilo lilikuwa la marehemu baba yake. Nimeomba radhi. Nimeomba tena nilipokutana naye kisimani.

Jumanne, 17 Mei

Nimeweza! Mchana mmoja tu, mifupa kidogo. Ganda jembamba kama ukucha, halina utando wowote. Tupa inateleza. Nimepasua goti la ng'ombe, makali yako vilevile. Nimelia, sioni haya kusema. Celestine pia kalia, ila yeye alikuwa anakata vitunguu kwa kimojawapo.

Alhamisi, 19 Mei

Hajati alivijaribu vya Swaib. Vizuri. Akavijaribu vyangu. Akarudia. Akapitisha kimoja kwenye ukucha wa kidole gumba, akasema mashallah, mnyama hatateseka hata kidogo. Swaib akainamisha kichwa. Karakana ilikuwa yangu!

Ningesema asante nikaketi. Lakini Hajati aliuliza nondo imewezaje kuwa hivi. Mdomo wangu huu! Nikaeleza kama profesa. Nikasema mkaa wa mifupa unazama ndani ya chuma, haufutiki, hauoshwi, unakuwa mwili mmoja na kisu. Hasifa akauliza mifupa ya mnyama gani. Nikamjibu, tena kwa fahari, maana nilikuwa bado namfikiria Loice na ukarimu wake.

Hajati alikiweka kisu chini kwa jani la mgomba, akaenda kunawa. Akanawa tena.

Nikasema nitaviosha. Swaib, kwa upole wa nyoka, akasema, "Fundi, si wewe mwenyewe umesema hautoki?" Nikasema nitasugua sehemu ya juu. Akasema ukisugua ganda inabaki nondo. Kweli tupu! Nikasema moto umekwisha teketeza unguruwe wote. Hajati akauliza, kama hakuna kilichobaki, basi mifupa niliitia ya nini.

Ijumaa, 20 Mei

Nimehama. Swaib kanisaidia kubeba sanduku na hakunicheka hata kidogo, jambo lililoniuma kuliko kicheko. Niliipenda sana karakana ile. Visu kavichukua Loice. Anavisifu mno.

Jumatano, 25 Mei

Mlango mmoja ukifungwa! Wasabato wa hapa Kyebando wana makambi mwezi ujao na wanataka visu vya jikoni. Wakiridhika, watanipa chumba nyuma ya kanisa kiwe karakana yangu, peke yangu.

Na safari hii nimejifunza. Mfupa wa nguruwe sitaugusa tena maishani! Nimekwenda Luzira, kwenye mwalo wa wavuvi, nikaokota mifupa ya kambare. Mikubwa, safi, bure.

Jioni alipita Obonyo, mpishi mkuu wa kanisa, mtu mpole. Nikamfunulia sanduku, nikamweleza jinsi mkaa unavyozama ukawa mwili mmoja na kisu, maana mteja ana haki ya kujua. Akauliza kama kambare ndiye yule samaki asiye na magamba. Nikamhakikishia kuwa hana hata moja, ndiyo sababu hanipi kazi ya kuparua. Akaifungua Biblia yake kwenye sheria za samaki wanaoliwa na wasioliwa, akaifumbata, akasema anakwenda kumwita mchungaji.

Naona wanataka kuvibariki visu. Nimevaa shati jipya.