Njia ya Sita ya Kufika Mjini

Gurrr, gurrr, tak. Gurrr, gurrr, tak.

Sapar alikuwa ameupa mgongo mlango wa wanaowasili pale uwanja wa ndege, anakunywa chai, na hakugeuka. Mtu wa kazi yake hakurupuki kutazama, husikiliza kwanza. Gurudumu moja limekufa, alijiambia. Sanduku kubwa, juu yake mafurushi yaliyofungwa kamba. Pumzi za mwanamke aliyevuka sitini. Anatoka Moscow baada ya miaka mingi, na hakuna aliyekuja kumpokea, maana wenye wa kuwapokea huanza kulia kabla hawajaufikia mlango.

Ndipo akageuka, na mwanamke alikuwa vilevile alivyomsikia, na zaidi ya hayo kitambaa cha maua kichwani.

Kifuani mwa Sapar kilining'inia kitambulisho kilichosema MSHAURI WA SAFARI, chenye picha yake akiwa na huzuni ya kiserikali na muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye kiazi. Mkononi alikuwa na kibao: NJIA TANO ZA KUFIKA BISHKEK. Ushauri ni bure. Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa kazi yake. Watu wengine wa uwanja ule walimrukia abiria kama mbwa wauonavyo mfupa, wakamnyang'anya mizigo. Sapar hakumrukia mtu. Yeye alisikitika naye.

Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa anasikitika kwa haraka. Gari jipya jeupe lililoegeshwa kule nje halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake, Bektur, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye alikuwa amechomelea mageti miaka minne ili alinunue. Mkwewe mtarajiwa hakuacha kusema mtaani kwamba anamwoza binti yake Ayperi kwa watu wasio na kitu, na gari lile lilikuwa jibu la Bektur. Saa tisa kamili lilitakiwa lisimame mbele ya nyumba ya Ayperi, lina utepe, kumchukua bibi harusi. Asubuhi Sapar aliomba ufunguo akalioshe. Bektur akampa, kwa sababu siku ya harusi akili ya bwana harusi huwa imetangulia ukweni.

Sasa ilikuwa saa sita na robo. Safari moja tu, Sapar alijiambia. Moja, nalirudisha.

"Karibu nyumbani, mama," alisema. "Unakwenda mjini?"

"Kwani hapa watu wanakwenda wapi pengine?" aliuliza yule mwanamke, na akaketi juu ya sanduku lake.

"Basi nikushauri. Njia ya kwanza, basi dogo. Ni rahisi, ni la haraka. Bahati mbaya dereva wa leo ana tetekuwanga."

"Maskini."

"Ya pili, teksi ya mita. Mita zao hazijui kusimama. Jana mtu alishuka, akaingia ndani, akala, akalala, mita bado inamhesabia. Ya tatu, teksi ya kuita kwa simu. Panya wamekula waya, mtandao hakuna. Ya nne, lifti ya mtu usiyemjua. Hiyo usiikubali kamwe, mama, dunia imeharibika. Ya tano ni kwa miguu, kilomita thelathini, na mbwa wa vijiji vya njiani hawana adabu."

"Kwa hiyo nirudi Moscow?"

Sapar alishusha sauti. "Kuna ya sita. Haijaandikwa, kwa sababu si ya kila mtu. Nina gari langu pale."

"Hiyo si ndiyo ya nne?"

"Ya nne ni ya mtu usiyemjua. Mimi umeshanijua."

Mwanamke alimtazama kuanzia kitambulisho hadi viatu. Jina lake lilikuwa Burul. "Nauli nitapata," alisema polepole. "Kinachonisumbua si nauli. Kinachonisumbua ni nani wa kumpa suyunchi yangu."

Sapar aliacha kutikisa kibao.

Kwetu mtu akikuletea habari njema, husema kwanza "suyunchi", kisha hunyamaza na kukutazama mikono. Habari huisikii mpaka umeahidi zawadi. Na ikiwa habari ni kubwa, zawadi ndogo ni aibu ya ukoo mzima.

"Mwanangu Kadyr hajui kama narudi," Burul aliendelea. "Miaka minane. Ni mchinjaji, ana maduka mawili ya nyama kule Ak-Orgo. Aliapa kwenye simu, anayemletea habari kwamba nimerudi atampa kondoo, mkia wake kama mto wa kulalia. Na koti lake la ngozi. Nilifikiri bahati hiyo nimpe dereva wa basi dogo."

"Mwenye tetekuwanga?"

"Kondoo haambukizwi."

Sapar alikuwa ameshabeba sanduku. Nauli hakuitaja tena. Ilikuwa kitu kidogo mno mbele ya mkia ule.

Njiani Burul alitaka mkate wa moto, Sapar akashuka akanunua. Alitaka sambusa za tanuri, akanunua. Alikaa kiti cha mbele, akala, akapapasa ngozi ya kiti, akauliza breki zinashikaje, akauliza mafuta linakunywa kiasi gani.

"Unajua magari, mama."

"Nimeendesha basi la umeme hapa mjini miaka ishirini na minne. Halafu nikaenda kuosha vyombo vya Warusi." Alitazama miti mirefu ya kando ya barabara ikipita. "Niliwaambia mtaa mzima nitarudi na gari, mwanangu. Kila sikukuu kwenye simu, wananiuliza, gari vipi, nawaambia liko njiani. Unajua nimerudi na nini? Birika sita."

"Birika ni kitu kizuri," alisema Sapar, ambaye alikuwa anapiga hesabu ya kumweka kondoo kwenye buti bila kuchafua.

Walipofika kona ya mtaa wao, Burul alimgusa mkono. "Simama hapa. Habari njema haiji imekalia kiti cha mbele. Nenda kwa miguu, lango la tatu. Mimi nakaa hapa mpaka waje kunichukua kwa heshima. Injini iache inawaka, miguu yangu ina baridi."

Saa nane kasoro dakika tano. Sapar alikimbia.

"Suyunchi," alipiga kelele langoni. "Suyunchi, Kadyr."

Mchinjaji alitoka na kisu mkononi na damu hadi kwenye viwiko, mtu mpana kama kabati. "Sema. Chochote unachotaka nimekupa, sema."

"Mama yako amerudi."

Kisu kilianguka. Kadyr alikaa chini palepale kwenye vumbi, akajifunika uso, mabega yakamcheza. Kisha akasimama, akavua koti lake, akamvisha Sapar kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ya koti ilimfika magotini. Kondoo akaletwa kwa kamba. Hakuwa na mkia kama mto, alikuwa na mkia kama godoro. Watoto walitoka, majirani walitoka, wazee wakatoka na kofia zao nyeupe ndefu wakiongozwa na mzee Toktosun, ambaye hakuna jambo mtaa ule lililokuwa halali kabla hajaliombea dua.

"Yuko wapi?" Kadyr aliuliza. "Yuko wapi mama?"

Sapar alifungua mdomo aelekeze konani. Honi ikapigwa upande wa pili.

Gari jeupe liliingia kwa lango la nyuma, taratibu, limepakwa tope kidogo kama lililotoka safari ya mbali, na kwenye usukani alikaa Burul, mgongo wima kama yuko kituo cha basi mbele ya mkaguzi. Alizima injini. Akashuka. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Nilisema nitakuja na nini?" aliuliza.

Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Wanawake walimkumbatia, wakakumbatia gari. Mtu alimwaga vimandazi vya boorsok juu ya boneti kama mvua. Kadyr alilia upya. Sapar alisimama na kamba ya kondoo mkononi, na kabla hajasema neno mzee Toktosun alishainua mikono.

Watu wote wakainua. Na mikono ya Sapar, ambayo tangu akiwa na miaka mitatu ilikuwa inainuka kila wazee walipoinua, ikainuka yenyewe, na kamba imo.

"Gari hili la Burul liende salama, lirudi salama," aliomba mzee. "Alilolitolea jasho limfae. Wajukuu wake walipande. Jicho la husuda lisilione."

"Amina," ulisema mtaa.

"Amina," alisema Sapar, akapitisha viganja usoni.

Vilipofika kidevuni ndipo akili ilipomrudia. "Ngojeni," alisema. "Hilo gari ni letu."

Mzee Toktosun alimgeukia bila hasira.

"Kijana, umesema amina?"

"Nimesema, mzee, lakini..."

"Kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

"Basi."

Kadyr aliokota kisu chake, si kwa ubaya, kilikuwa chini tu. "Mama, huyu unamjua?"

"Ndiye mshauri wangu wa safari," alisema Burul. "Alinishauri nisiamini lifti ya mtu nisiyemjua. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu sana."

Sapar alimvuta pembeni, kondoo akawafuata. Na hapo, kwa kuwa uongo wote ulikuwa umemwishia uwanjani, alisema kweli: kaka, mageti, miaka minne, mkwe mwenye mdomo, bibi harusi, saa tisa. Alisema akitetemeka, na koti lilitetemeka zaidi yake.

"Bibi harusi amekaa ananingoja, mama. Amevaa kabisa. Baba yake yuko langoni na saa mkononi. Gari lisipofika, harusi haipo."

Burul alimshika mkono wa koti. "Saa tisa ya leo?"

"Ya leo."

"Mbona hukusema tangu uwanjani, mjinga wewe? Nimekula sambusa mbili wakati bibi harusi anangoja." Akageuka. "Kadyr, vaa shati. Wote vaeni. Tunakwenda harusini."

"Harusi ya nani, mama?"

"Utawajua tukifika."

Sapar alitaka kushika usukani. Burul alimsukumia kiti cha nyuma pamoja na kondoo. Mabasi ya umeme yalikuwa hayatoki nje ya waya zake, lakini yule mwanamke alikuwa amengoja miaka ishirini na minne kutoka. Alipita kulia, akapita kushoto, akapita mahali ambapo hapakuwa njia, na nyuma yake magari matatu ya mtaa yalijaa wazee na vimandazi. Sapar alifunga utepe dirishani gari likiwa linakwenda, kondoo akila ncha yake.

Saa tisa kasoro dakika moja walisimama mbele ya nyumba ya Ayperi.

Bektur alikuwa langoni kwa suti, uso wa rangi ya majivu. Aliliona gari lake. Aliona bibi asiyemjua kwenye usukani, na mdogo wake nyuma ndani ya koti la mchinjaji, shavu kwa shavu na kondoo. Alifungua mdomo.

Burul alimwahi. Alishuka, akageukia umati, na sauti yake ilikuwa ile ya kuwaambia abiria wasogee nyuma.

"Mimi ni Burul wa Ak-Orgo. Gari hili limebarikiwa leo kwa jina langu, mashahidi hawa hapa. Nimewaletea maharusi. Ni zawadi yangu."

Umati ulivuta pumzi. Mkwe, ambaye mwaka mzima alikuwa akiwaita akina Bektur watu wasio na kitu, alimtazama Burul, akalitazama gari, akawatazama wazee wa kofia nyeupe wakishuka mmoja mmoja na dua zao.

"Hawa nao ni watu wenu?" alimuuliza Bektur kwa unyonge.

Bektur alimwinamia Sapar dirishani. "Hili ni gari langu," alinong'ona.

"Ndiyo, kaka."

"Napewa gari langu."

"Pokea kwa mikono miwili, wanakutazama."

Bektur alipokea kwa mikono miwili. Akashukuru kwa sauti, akaombewa dua ndefu, akasema amina. Ayperi alitoka amejifunika kitambaa cheupe, akapanda, na chini ya kitambaa mabega yake yalikuwa yanacheka. Mkwe mwenyewe alimshika Burul mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kichwa cha meza, mahali pa heshima, na joho jekundu lililoshonwa kwa ajili ya kaka wa mkwe akavishwa yeye. Kadyr alikaa karibu na mama yake, akimtazama kama mtu anayeogopa kupepesa macho. Kule Ak-Orgo simu zilikuwa zinasambaza kwamba Burul amerudi na gari, na kabla ya chai kupoa amelitoa zawadi.

Nyama ilipoliwa, mkwe alisimama. "Mama Burul, zawadi kama yako hairudishwi kwa maneno. Taja unachotaka kwa upande wa bwana harusi. Chochote."

Bektur alifumba macho.

"Mimi ni mzee, nataka nini," alisema Burul, akifuta vidole. "Labda jambo dogo la usafiri. Binti yangu anafika kesho na ndege ya asubuhi, na wanawe watano. Keshokutwa shemeji zangu wawili na mashine ya kufulia. Wiki ijayo wanaanza kurudi wale wa upande wa marehemu mume wangu, hao hata sijui idadi. Watatokaje uwanjani? Basi dogo nasikia lina ugonjwa."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Sapar. Mzee Toktosun alikuwa ameshaweka viganja magotini, tayari kuinua. Chini ya meza Bektur alimkanyaga mdogo wake kiatu, akaacha mguu palepale.

Sapar alisimama ndani ya lile koti.

"Nitakuwa mlangoni, mama," alisema. "Kesho asubuhi, na kila ndege ya watu wako itakayotua. Bure. Na mizigo nitabeba mimi."