Ombi la Kusitishiwa Vitamini za Dorkasi

Marani,
Jumatano jioni.

Kwa Mwenyekiti wa Dorkasi, chama cha kina mama wa kanisa,
ambaye pia ni Shangazi yangu Persis.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na ng'ombe wako aliyezaa juzi. Nimeamua kukuandikia kwa cheo chako cha kanisani kwa sababu nimekwisha kujaribu kuzungumza nawe kama shangazi, na kila nilipofungua mdomo ulitia kidonge ndani yake.

Nianze na ugonjwa wenyewe ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa. Nina fibromialjia. Mwili huniuma karibu kote, mabega, mgongo, nyonga, hata nyayo, na nikilala usiku kucha huamka nimechoka kama mtu aliyeshinda akichuma majani chai. Hakuna kilichovimba wala kilichovunjika. Daktari wa Kisii mjini alieleza kwamba mishipa yangu ya fahamu hupokea habari ndogo na kuitangaza kwa kipaza sauti. Ulikuwapo, Mwenyekiti, umeketi kando yangu na mkoba wako magotini. Daktari alizungumza kwa muda mrefu kuhusu usingizi, mazoezi mepesi ya kila siku na dawa ya kutuliza hiyo mishipa. Mwishoni kabisa, tukiwa tumeshasimama, akasema kwamba vitamini D yangu iko chini kidogo, kwa hivyo nimeze ya kuongezea, ila nisitarajie kwamba ndiyo itakayoondoa maumivu. Katika hotuba yote hiyo, wewe ulitoka na neno moja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo. Sabato iliyofuata ulisimama mbele ya kanisa ukasema kwamba binti wa kaka yako amepungukiwa na vitamini, na kila mwenye moyo alete alichonacho. Sikuwa nimetoa idhini. Mimi ni mtu ambaye hata tarehe yangu ya kuzaliwa sijamwambia mwalimu mwenzangu yeyote. Sasa mama anayeuza ndizi sokoni huniuliza hali ya damu yangu kabla ya kunisalimu.

2. Ziara. Mnakuja kila Sabato. Mara ya kwanza mlikuja alasiri, kina mama wa kujaza sebule na baraza. Kila mmoja alisimama, akataja jina lake, akasoma aya, akasimulia habari za jamaa yake aliyeugua vivyo hivyo na alichomeza akapona. Mgonjwa hawezi kulala wakati huo kwa sababu ndiye aliyekuja kutazamwa. Halafu kwetu mgeni hatoki bila chai, anayemimina chai ni binti wa nyumba, na binti wa nyumba ndiye mgonjwa. Kwa hivyo niliinuka kitini nikawahudumia chai watu waliokuwa wamekuja kuniombea niweze kuinuka. Mliponiona nimesimama mkasema maombi yamejibiwa. Nyamoita, mmoja wenu, alimgusa jirani yake begani akamwambia, "Si unaona sasa? Hata birika amelibeba." Birika hilo ndilo lililonilaza hadi katikati ya wiki.

3. Bidhaa zenyewe. Meza ya sebuleni haionekani tena. Kuna vitamini C za kumung'unya, kuna magnesiamu, kuna mafuta ya samaki, kuna za watoto zenye umbo la dubu, na kuna chupa moja iliyonunuliwa sokoni Daraja Mbili juu ya turubai lile lile lenye viatu vya mitumba, yenye maandishi ambayo hakuna mtu Marani anayeweza kuyasoma. Mimi ni mwalimu wa Kemia. Nilisoma kila lebo inayosomeka na nikagundua kwamba nyingi ni kitu kimoja chenye majina tofauti, na kwamba nikiwatii nyote nitameza vitamini D ya kutosha kuharibu figo. Nilipokueleza hivyo, ulinijibu kwamba jua nalo huwaka kila siku na hujasikia mtu akilalamikia figo. Jibu ninalo, lakini lina kurasa nyingi, nitalileta nikiombwa.

4. Vitamini za Nyamoita. Nyamoita alikuwa na vidonge vilivyobaki alipojifungua kitinda mimba wake, akaona si vizuri vikae bure. Nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo, pakiti ina picha ya mwanamke mwenye tumbo kubwa anayetabasamu. Mama aliiweka mbele kabisa mezani, kwa sababu ndiyo yenye rangi nzuri. Kaka yako Manasseh, ambaye ni baba yangu mdogo, alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia dawa, akaiona picha, akavaa miwani, akaitazama tena. Aliondoka bila pampu.

Kesho yake mwalimu mwenzangu Brandon alitoka Nyamira kwa pikipiki kuniletea karatasi za wanafunzi nisahihishe nikiwa kitandani. Baba Mdogo alimsimamisha langoni. Alimuuliza ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na kama baba yake anafuga. Brandon ni mtu mwenye adabu, alijibu yote. Alidhani ni ulinzi wa nyumba. Sasa nasikia wazee wa upande wetu wameshakutana, na kwamba jambo pekee ambalo hawajakubaliana ni kama mimba ya mwalimu wa sekondari huongeza ng'ombe wa mahari au hupunguza. Ninaposema kwamba sina mimba, naambiwa nisione haya, vitamini zenyewe ziko mezani.

5. Ratemo. Huyu mwenye duka la dawa za mifugo alikuja na mkebe wa unga wa vitamini wa ng'ombe. Alifafanua kwamba vitamini ni vitamini, tofauti ni uzito wa anayemeza. Kisha akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akakadiria, akasema, "Wewe tumia kipimo cha ndama." Sina ugomvi mkubwa na Ratemo. Kati ya zawadi zote zilizo mezani, mkebe wake ndio pekee wenye lebo inayosema waziwazi kwamba hautibu binadamu.

6. Ushuhuda. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimepata habari kwamba Sabato hii nimepangiwa kusimama kanisani na kushuhudia jinsi vitamini za Dorkasi zilivyoniponya. Ushahidi mlio nao ni kwamba nilionekana nikicheka pale penye kinu cha kusagia. Ni kweli nilicheka. Ugonjwa huu una siku nzuri na siku mbaya, Mwenyekiti. Siku nzuri hutoka nje nikaonekana, na siku mbaya huwa ndani nimejifunika shuka. Ndiyo maana Marani nzima imewahi kukutana na siku zangu nzuri tu.

Sasa fikiria. Nikisimama na kusema nimepona, maumivu yangu yatakuwa yamefungwa rasmi, mbele ya mashahidi, kwa wimbo. Jumatatu nikishindwa kuinua beseni la nguo, sitakuwa mgonjwa tena, nitakuwa mvivu. Hata kabla ya vitamini kuna waliosema kwamba masomo ndiyo yaliyonilegeza mgongo. Nimechukua miaka kumpata mtu mmoja mwenye koti jeupe wa kusema kwamba kinachoniuma kinaniuma. Siwezi kukubali ninyang'anywe neno hilo na chupa ya dubu.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo kwa heshima zote.

Dorkasi igawanywe sehemu mbili, wanaoketi upande wa dirisha na wanaoketi upande wa mlango. Upande mmoja umeze vitamini zilizo mezani kwangu, ukiacha mkebe wa Ratemo na zile zisizosomeka. Upande mwingine umeze peremende za ukubwa huo huo. Mtu yeyote asijue amepewa nini, hata wewe, na najua hilo litakuwa gumu kwako. Kwa msimu mzima wa chai mchume, mbebe kuni, mpalilie, na kila jioni mniletee ripoti ya mahali panapouma. Mimi nitasimamia zoezi hilo nikiwa nimelala. Upande wa vitamini ukiushinda ule wa peremende kwa wepesi wa viungo, nitashuhudia Sabato mbili mfululizo, na kipaza sauti nitakikodi mwenyewe.

Wewe, Mwenyekiti, naomba uwe wa kwanza kumeza. Goti lako linakusumbua tangu nikiwa shule ya msingi, na katika ugawaji huu wote sijakuona ukijigawia hata kimoja.

Wakati tukisubiri matokeo, naomba ziara zisimamishwe, vitamini zisimamishwe, na jina langu liondolewe kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa na kuwekwa pamoja na watu wanaoishi tu. Ombi hili likikataliwa nitaliwasilisha kwa mchungaji, akikataa nitakwenda konferensi kwa wakubwa wake, na konferensi ikikataa nitaendelea kupanda ngazi hadi nifike kwa Yule aliyeziumba vitamini zenyewe, nimuulize kama alikusudia haya.

Mpe mume wako salamu zangu, na ndama pia, ambaye nasikia anakula vizuri. Wasalimu kina mama wote wa Dorkasi, upande wa dirisha na upande wa mlango. Aliyeleta za dubu mwambie zimekwisha.

Mimi mwenye mwili unaouma na akili timamu,

Phanice Nyanchoka,
Mwalimu wa Kemia.

Nyongeza: Mama ameingia sasa hivi kutoka kwa jirani na kuniambia kwamba Sabato hii Dorkasi haiji kwetu. Mnakwenda Kiogoro kumwona mama yake Okemwa, aliyevunjika mguu. Nakubali kwamba mguu wake unaonekana kwenye picha ya eksirei. Lakini naomba kuuliza, na hapa simwulizi Mwenyekiti, namwuliza Shangazi: nimekosa nini?

Kila mnapokuja, wenzako wakianza wimbo wa kuagana, wewe hunifuata chumbani. Huvua viatu, hupanda kitandani, huweka miguu yangu mapajani mwako na kuisugua polepole hadi wimbo uishe, na mara nyingine huwaambia waongeze ubeti. Katika watu wote walioingia nyumba hii, wewe peke yako hujawahi kuniuliza kama inauma kweli.

Wenzako waende Kiogoro. Wewe pitia hapa kwanza. Beba vidonge vyovyote upendavyo, nitameza mbele yako. Na kanisani nitasimama kama nilivyopangiwa, niseme kitu gani kinanisaidia. Usishangae nisipotaja vitamini hata moja.